Sura ya Tano: Pweza Hashikwi kwa Mnyiri

Kamishna Corrado Cattani ameletwa Sicily kushika kiti cha mwenzake aliyeuawa. Hana ukoo kisiwani, hana deni la mtu, na siku za mwanzo anafanya kazi kama mgeni asiyejua ni mlango upi haugongwi. Kisha wanamteka binti yake. Anachotakiwa kufanya ili ampate ni kitu kidogo mno: alegeze. Upelelezi uishie ulipofika, mafaili yarudi kabatini, na majina ya wakubwa yaliyokuwa yameanza kujitokeza yasitajwe tena. Kamishna analegeza. Mtoto anarudi, lakini si yule aliyechukuliwa, na baba yake anaondoka kisiwani akiwa hana kesi wala heshima.

Hivyo ndivyo ulivyomalizika msimu wa kwanza wa La piovra, tamthilia ambayo televisheni ya taifa ya Italia, RAI, ilianza kuirusha Machi 1984. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukikaa juu ya mabenchi ya mbao huku mtafsiri akipiga kelele kuzidi filamu yenyewe, tulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: steringi hafi. Anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, lakini mwisho wa yote ndiye anayebaki amesimama na adui yuko chini. Waitaliano nao walikuwa na sheria yao kama hiyo. Damiano Damiani, aliyeongoza msimu ule wa kwanza, aliivunja bila kumuua mtu. Alimwacha steringi hai, akamuua uso.

Piovra ni pweza, tena pweza mkubwa wa hadithi za mabaharia. Jina hili msomaji wa pwani atalielewa kuliko hata Mwitaliano wa Milan. Nenda Jambiani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mpaka mwamba ukabaki wazi, uwatazame wanawake wanaoinama shimo kwa shimo na chuma mkononi. Mwanafunzi hujulikana haraka: akiona mnyiri umechungulia, anaudaka na kuuvuta. Pweza anajibana kwenye jiwe kwa minyiri saba iliyobaki, na mwanafunzi anaweza kuvuta mpaka maji yarudi. Akibahatika ataondoka na kipande, na pweza ataotesha kingine. Mwenye kazi yake haangaiki na mnyiri. Anatafuta kichwa kiko upande gani wa shimo.

Tamthilia hii, kwa misimu yake kumi hadi 2001, ni hadithi ya watu wanaotafuta kichwa. Wauaji wamo, na wengine ni wauaji hasa, lakini kamera inawapita kama tarishi aliyeleta barua. Inakotaka kukaa ni kwenye ofisi zenye mazulia. Kuna wakili Terrasini, mpole wa sauti, mtu ambaye mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Kuna mabenki, kampuni za bima, nyumba za kifahari za watu wa nasaba. Kuna Tano Cariddi, aliyechezwa na Remo Girone kwa uso usiocheka, anayepanda ngazi hizo za fedha mpaka ukajiuliza kama bado ni mhalifu anayejifanya mfanyabiashara au amekuwa mfanyabiashara kweli na tofauti imekwisha. Kuanzia msimu wa pili muziki mwingi ni wa Ennio Morricone, na nadiriki kusema kwamba nusu ya hofu ya tamthilia inatoka kwake. Unasikia vinanda vinaanza, unajua kuna mtu ofisini amefunga mlango.

Je, waandishi waliyabuni haya? Majina waliyabuni. Mengine walikuwa nayo mezani.

Chukua mkasa wa Gaetano Costa, Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Palermo. Mwaka 1980 aliletewa hati za kuthibitisha kukamatwa kwa watu wa koo za Spatola, Inzerillo na Gambino, koo zilizokuwa zikipeleka heroini Marekani. Wasaidizi wake ofisini walikataa kutia saini. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kisheria. Costa akazitia saini peke yake. Kabla wino haujakauka, habari zilikuwa zimeshatoka nje ya mlango ule, kwamba aliyesaini ni mmoja na jina lake ni fulani. Tarehe 6 Agosti mwaka uleule alikuwa amesimama kwenye meza ya muuza vitabu, barabara ya Cavour katikati ya mji, akipekua vitabu. Wakampiga risasi pale pale.

Mimi husoma tena na tena kisa hiki kwa sababu hakina bahasha ya fedha ndani yake. Hatuna haja ya kudai kwamba wale wasaidizi walihongwa. Tukisikia ufisadi wa ofisi sisi huwaza kitu kidogo, chai, mkono uliopitishwa chini ya meza. Palermo ilionyesha kwamba ofisi inaweza kumuua mtu kwa kukataa tu kusimama karibu naye. Wahalifu walihitaji kujua jambo moja, nani yuko peke yake, na ofisi ikawaambia.

Faili hilohilo la Spatola ndilo lililomtoa kwenye giza Giovanni Falcone, hakimu mpelelezi aliyekuwa bado hajafahamika sana. Mkuu wake, Rocco Chinnici, alimkabidhi na kumwachia aone mwenyewe pa kuanzia. Falcone hakuanza na bastola iliyookotwa wala shahidi aliyeona, maana Palermo ya siku zile hakuna aliyekuwa ameona. Aliwaandikia mameneja wa benki zote za Palermo na mkoa wake, akataka stakabadhi za kubadilisha fedha za kigeni tangu 1975. Sababu yake ilikuwa nyepesi ukishaelezwa: heroini inasafishwa Sicily, inauzwa New York, na dola zinarudi. Dola zikirudi lazima ziguse dirisha la benki, na dirishani kuna karatasi, na karatasi ina jina. Wapo mameneja waliopiga simu kuuliza kama barua ile ni ya kweli. Karatasi zikaja, zikajaa chumba, na Falcone akakaa akizipanga mojamoja.

Hapo ndipo tamthilia na ukweli vilipokutana, na pengine ndiyo sababu iliwashika watu vile. Mtazamaji wa kawaida alikuwa amefundishwa kwamba mafia ni wazee wa kofia bapa wenye bunduki za kuwindia sungura, wanaouana wao kwa wao huko mashambani. La piovra ilimkalisha mbele ya hundi, kampuni ya bima, na waziri anayepokea simu usiku. Ilimwambia: adui yuko hapa, mtazame vizuri, ana tai.

Nchi nayo ilikuwa ikizika watu wakubwa kwa kasi ya kutisha. Boris Giuliano, mkuu wa kikosi cha upelelezi cha polisi Palermo, alipigwa risasi Julai 1979 akiwa mkahawani. Piersanti Mattarella, rais wa serikali ya jimbo la Sicily, aliuawa Januari 1980 mbele ya familia yake; mdogo wake Sergio, aliyemtoa ndani ya gari, leo ndiye Rais wa Italia. Aprili 1982 akauawa Pio La Torre, mbunge wa chama cha kikomunisti. La Torre alikuwa amepeleka bungeni mswada uliokuwa na mambo mawili. La kwanza, kuwa mwanachama wa mafia liwe kosa lenyewe, hata kama haijathibitika kwamba mkono wako ndio uliovuta kifyatuo. La pili, dola iwe na mamlaka ya kuchunguza mali ya mtu wa namna hiyo na kuitaifisha. Mswada ukakaa. Ulikuwa umekaa miaka miwili.

Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, aliyesifika kwa kuwavunja magaidi wa Red Brigades, alifika Palermo kama mwakilishi wa serikali kuu mara tu La Torre alipouawa. Aliomba mamlaka ya kuratibu vita hiyo nchi nzima. Aliahidiwa, na akaendelea kuahidiwa. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1982, katika barabara ya Carini, yeye na mkewe Emanuela Setti Carraro walimiminiwa risasi za AK-47 ndani ya gari dogo. Askari aliyekuwa nyuma yao akafa siku chache baadaye. Siku kumi tu zilipita, mswada wa La Torre ukawa sheria namba 646. Bunge lililokosa nafasi kwa miaka miwili lilipata nafasi ndani ya siku kumi.

Sasa niseme mahali ninapotofautiana na tamthilia hii niipendayo. Ugonjwa iliuona sawasawa. Dawa iliikosea.

Dawa ya La piovra ni mtu mmoja. Cattani, aliyechezwa na Michele Placido, ni mpweke kazini na mpweke nyumbani. Katika msimu wa pili, ulioonyeshwa mwanzoni mwa 1986, anapoteza binti na mke, na kila anayemkaribia huishia kaburini au kumsaliti. Upweke wake ndio uzuri wake. Koti la mvua, ndevu za siku mbili, macho ya mtu asiyelala. Wanawake wa Umoja wa Kisovieti, ambako tamthilia ilipendwa kupita kiasi, walimlilia kama ndugu yao. Kwa filamu, hakuna kinachokwenda vizuri kama mtu mmoja dhidi ya pweza. Lakini kumbuka Costa. Kuwa peke yako ndiko kulikomuua. Tamthilia iliuchukua udhaifu mkubwa kuliko wote wa dola ya Italia, ikaufanya ushujaa.

Palermo ya kweli ilikuwa imeshaugundua udhaifu huo. Chinnici ndiye aliyeanza kuwaza kwamba mahakimu wapelelezi wafanye kazi pamoja, kila mmoja ajue lililo katika faili la mwenzake, ili risasi ikimpata mmoja isizike na kesi. Julai 1983 bomu lililotegwa ndani ya gari likamuua mbele ya nyumba yake, pamoja na walinzi wawili na mlinda mlango wa jengo. Nafasi yake ikajazwa na Antonino Caponnetto, mzee aliyeomba mwenyewe kuhamia kutoka Florence, akaishi kwenye chumba kidogo ndani ya kambi ya askari wa fedha kana kwamba ni kuruta. Caponnetto akalitekeleza wazo la marehemu. Aliwakusanya Falcone, Paolo Borsellino, Giuseppe Di Lello na Leonardo Guarnotta, na kuanzia hapo kila karatasi ikawa ya wote. Ukitaka kuiua kesi sasa, ilikupasa uwaue wanne, na mzee wao wa tano.

Mwaka 1984 wakampata Tommaso Buscetta. Alikuwa mtu wa mafia wa zamani, aliyeponzwa na vita ya ndani ambamo watu wa Corleone, chini ya Totò Riina, waliwafyeka jamaa zake wakiwemo wanawe wawili. Alikamatwa Brazil, akarudishwa Italia, na akaamua kuzungumza na Falcone. Falcone aliandika kwa mkono wake mwenyewe maneno yake, wiki baada ya wiki. Ndipo dola ikaelezwa kwa mara ya kwanza jinsi nyumba ile ilivyojengwa ndani: jina ambalo wenyewe wanaliita, Cosa Nostra, yaani Chetu, namna mtu anavyoapishwa, nani humchagua nani, na kwamba juu ya koo zote kuna baraza. Hayakuwa tena mambo ya genge hili na genge lile. Yalikuwa mambo ya mwili mmoja wenye minyiri mingi.

Lakini kuna sehemu Buscetta alikataa kuigusa. Alipoulizwa kuhusu wanasiasa alisema wakati haujafika, kwamba nchi haiko tayari kusikia, na wakiyasema hayo sasa watapoteza hata yale waliyokwisha kuyapata. Aliyekijua kichwa kilipo alimwambia mvuvi: usiingize chuma huko bado. Alinyamaza miaka minane.

Kwa alichosema, kesi ilitosha. Majira ya joto ya 1985, makamishna wawili wa polisi waliokuwa nguzo ya upelelezi, Beppe Montana na Ninni Cassarà, waliuawa ndani ya siku tisa. Falcone na Borsellino wakabebwa usiku pamoja na familia zao mpaka kisiwa cha gereza cha Asinara, wakakae huko wakiandika hati ya kuwafikisha washtakiwa mahakamani. Hati hiyo ilizidi kurasa 8,000. Walipomaliza, serikali iliwaletea bili ya chakula na malazi. Sitanii. Watu waliofichwa gerezani ili wasiuawe wakiwa kazini walidaiwa gharama za kulala gerezani, na wakalipa. Borsellino alikuwa akilisimulia jambo hili huku akicheka.

Tarehe 10 Februari 1986 kesi ikafunguliwa. Ukumbi ulikuwa umejengwa kwa ajili yake, ubavuni mwa gereza la Ucciardone, kuta za zege zenye uwezo wa kustahimili kombora, na pembeni vizimba vya vyuma vyenye washtakiwa wakivuta sigara, wakipiga mayowe, mmoja amejishona mdomo kuonyesha kwamba hatasema. Walikuwa 475 kwa hesabu. Nje ya ukumbi watu wa Palermo walisema mambo ya watu wote duniani: yatapita haya, wakubwa watatoka, watafungwa vidagaa.

Nusura iwe hivyo, na hapa tena silaha ilikuwa karatasi. Kesi ikiwa imekwenda mbali, mawakili wa utetezi wakadai haki yao ya kisheria: nyaraka zote za kesi zisomwe kwa sauti mahakamani. Zote. Ingechukua muda mrefu kiasi kwamba ukomo wa kuwashikilia washtakiwa rumande ungefika na mageti yangefunguliwa bila hata mtu mmoja kutoroka. Bunge lililazimika kupitisha sheria ya haraka ili nyaraka zihesabike kuwa zimesomwa. Mwandishi wa tamthilia angepeleka ombi kama hilo kwa mtayarishaji, angeambiwa halina msisimko. Mimi naona ni kati ya mashambulizi makali kuliko yote katika historia ile.

Hukumu ilisomwa tarehe 16 Desemba 1987. Wafungwa wa maisha 19, miongoni mwao Riina, aliyehukumiwa akiwa bado mafichoni. Vifungo vya wengine, ukivijumlisha, vilipita miaka 2,600. Waliachiwa 114, na hiyo nayo ilikuwa dalili njema, kwamba majaji walikuwa wakipima mtu mmojammoja.

Mtu angedhani baada ya hapo Falcone angebebwa mabegani. Caponnetto alikuwa anaondoka Palermo, akiamini kiti chake kitakwenda kwa mtu aliyeifanya kazi ile. Januari 1988 Baraza Kuu la Mahakama lilipiga kura. Falcone alipata 10. Antonino Meli, jaji mzee zaidi, asiyekuwa na uzoefu wa kupeleleza kesi za mafia, alipata 14. Watano hawakuegemea upande. Hoja iliyomshinda Falcone ilikuwa ya miaka kazini: aliyetangulia atangulie. Meli akayagawa tena mafaili kwa utaratibu wa kawaida, kila hakimu na lake, na kile kikundi kikafa kifo cha kiutawala. Yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini, Dodoma, Nairobi au Roma, anaijua ladha ya kikao cha namna hii. Hakuna aliyevunja kanuni, muhtasari umeandikwa vizuri, chai imenyweka.

Mwaka uliofuata, Machi 1989, televisheni ilimuua Cattani. Ilikuwa mwisho wa msimu wa nne: kamishna anatoka mlangoni na bunduki zinamngoja pande zote, nyingi kuliko zinazohitajika kwa mtu mmoja. Mamilioni ya Waitaliano walikuwa mbele ya televisheni usiku huo. Steringi amekufa. Kazi yake ikapokelewa na hakimu Silvia Conti, aliyechezwa na Patricia Millardet, na kwa maoni yangu misimu yake inamtendea haki zaidi Falcone wa kweli kuliko ile ya Cattani. Conti anasoma, anauliza, anangoja. Watazamaji wengi walimkumbuka Cattani hata hivyo.

Na ile hukumu kubwa? Ilibaki kupita Mahakama ya Juu ya Rufaa, ambako hukumu za mafia zilikuwa na desturi ya kufutwa kwa kasoro za kiufundi katika chumba kilekile, chini ya mwenyekiti yuleyule. Mwaka 1991 Falcone alikuwa amehamia Roma, Wizara ya Sheria, na rafiki zake kadhaa walimlaumu kwamba ameingia siasa. Alipofika huko alishughulika na jambo dogo la kiofisi: zamu. Kesi hizo zikaanza kuzungushwa kati ya majaji badala ya kwenda chumba kimoja. Tarehe 30 Januari 1992 rufaa zilianguka, vifungo vya maisha vikathibitishwa. Kilichoipindua desturi ya miaka mingi kilikuwa ratiba.

Mafia walielewa maana yake kabla ya magazeti. Mtu wa kwanza kuuawa, tarehe 12 Machi, alikuwa Salvo Lima, meya wa zamani wa Palermo na mbunge wa Ulaya, ambaye kwa maelezo ya wanamafia waliotubu baadaye alitegemewa kuhakikisha hukumu zinafutwa. Tarehe 23 Mei waliilipua barabara kuu karibu na Capaci kwa takriban kilo 500 za baruti, wakamuua Falcone, mkewe Francesca Morvillo, ambaye naye alikuwa hakimu, na walinzi watatu. Tarehe 19 Julai, barabara ya D'Amelio, Borsellino alikuwa anabonyeza kengele ya nyumba ya mama yake. Alikufa pamoja na walinzi watano. Mmoja wao, Emanuela Loi, alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka huohuo Buscetta alifungua mdomo kuhusu wanasiasa. Giulio Andreotti, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu mara saba, akafikishwa mahakamani Palermo. Safari ilikuwa ndefu. Mwisho wake, uliothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2004, ni hukumu ambayo watu huisoma nusu wanayoipenda: kwa kipindi cha baada ya majira ya kuchipua ya 1980 aliondolewa hatia; kwa kipindi cha kabla yake mahakama iliona ushirikiano na mafia ulikuwepo, ila kosa lilikuwa limepitwa na muda wa kushtakiwa.

Silvio Berlusconi, akiwa Waziri Mkuu mwaka 2009, alisema akimpata aliyetengeneza La piovra na wale wanaoandika vitabu vya mafia angewanyonga kwa mikono yake. Alikuwa akitania, na waliokuwepo walicheka. Malalamiko yenyewe si ya utani, na huku kwetu tunayajua kwa maneno yetu: mnaichafua nchi, watalii wataogopa, funika kombe mwanaharamu apite. Nimejaribu kumsikiliza mlalamikaji huyu kwa uungwana na nikashindwa. Mwaka ambao La piovra ilianza, maiti zilikuwa tayari zimepangwa barabarani miaka mitano mfululizo. Hakuna mtalii aliyekuwa akingoja kuambiwa na tamthilia.

Kilichoachwa na watu wale wa kweli hakina muziki wa Morricone. Kuna sheria ya La Torre, iliyoongezewa mwaka 1996 sheria nyingine, namba 109, baada ya shirika la Libera la padri Luigi Ciotti kukusanya saini milioni moja: mali iliyotaifishwa itumike kwa faida ya jamii. Kwenye vilima vya Corleone na San Giuseppe Jato kuna vyama vya ushirika vinavyolima ngano na zabibu juu ya ardhi iliyokuwa ya mabosi. Na Desemba 2000 mataifa yalikutana Palermo, mji uleule, kutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka. Tanzania na Kenya ni wanachama. Mkataba huo unazitaka nchi ziweze kufuata na kutaifisha mali inayotokana na uhalifu, kwa hiyo hakimu wa Mombasa au Dar es Salaam anapoamuru akaunti ifungwe mpaka mwenyewe aeleze fedha zimetoka wapi, yuko ndani ya wazo ambalo mbunge mmoja wa Sicily alilipeleka bungeni na halikupitishwa mpaka alipokuwa amezikwa.

Riina alikamatwa Januari 1993. Wa mwisho kati ya mabosi wakubwa wa kizazi kile, Matteo Messina Denaro, alitafutwa miaka 30. Wapo waliosema yuko Venezuela, wapo waliosema amekufa. Alikamatwa tarehe 16 Januari 2023, asubuhi, kwenye kliniki binafsi ya Palermo alikokuwa akitibiwa saratani kama mgonjwa mwingine yeyote, na kitambulisho kilichobeba jina la mtu halisi aliye hai. Nyumba yake ilikuwa Campobello di Mazara, kilomita chache kutoka mji aliozaliwa.